Kombe la Marehemu Yoramu

Jumatatu, 14 Julai

Kombe la Awadhi linang'aa tena. Amelisugua kwa majivu na limau, akaliweka dirishani, upande wa nyumba yangu. Jua la asubuhi linalipiga, mwanga unaruka barabara, unaingia sebuleni kwangu na kutua kwenye kikombe changu cha chai. Nikihamisha kiti, nao unahama. Nimemwambia mke wangu Kabula kwamba jirani analigeuza makusudi. Akasema linalohama ni jua, na kama mwanga unanikera, pazia lipo na limefuliwa.

Si suala la pazia!

Umoja wetu wa Askari Wastaafu hapa Itetemia una kombe moja tu, Kombe la Kumbukumbu la Afande Lukumani. Hutolewa Siku ya Mashujaa kwa mwanachama aliyewahudumia wenzake kuliko wote. Awadhi amelichukua miaka mitatu mfululizo. Sajenti mstaafu, fundi cherehani. Anachimba makaburi. Anapeleka wagonjwa hospitali kwa pikipiki yake. Anawashonea wajane vifungo bure. Mtu wa namna hiyo utashindana naye vipi kwa haki?

Mwaka jana nilijaribu. Idrisa aliugua malaria, nikaenda kumjulia hali na machungwa. Tulizungumza vizuri sana. Alipopona akatangaza kikaoni kwamba machungwa yote niliyala mimi. Hakutaja kwamba yeye hakuwa na hamu ya kula!

Nataka kitu kimoja tu. Jina langu lisomwe mbele ya watu, mara moja, nikiwa hai na nasikia. Koplo Sixbert Ngollo. Wenzangu walivuka mto Kagera, wana nishani. Mimi vita vyote nililinda stoo ya maharage hapa hapa Tabora. Haikupotea punje. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Siku ya Mashujaa ni tarehe 25. Njia lazima ipatikane.

Jumanne, 15 Julai

Imepatikana! Nikiwa napiga mswaki. Kama kombe lililopo halishikiki, nianzishe lingine. Kombe la mtunza stoo bora. Katika tawi letu lote, nani alikuwa mtunza stoo? Mimi. Wa pili? Hayupo. Nimejishindia kabla ya kifungua kinywa.

Kikwazo ni Afande Suzana, kapteni mstaafu, mwenyekiti wetu. Hapendi mambo mapya. Tulipoomba viti vya plastiki aliuliza vya mbao vimekosa nini. Lakini hata yeye hawezi kulikataa kombe la marehemu. Kwa hiyo nahitaji marehemu. Mtunza stoo, mwenye heshima, aliyeishi mbali.

Afande Yoramu wa Usoke! Ndiye aliyenifundisha kazi. Hajaonekana kikaoni tangu enzi za mwenyekiti aliyepita. Simu yake haipatikani. Na alikuwa mtu mzima hata wakati ule. Mtu kama huyo atakuwa wapi sasa? Jibu linajileta lenyewe.

Kabula ameuliza kwa nini natabasamu na dawa ya meno kidevuni.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi!

Nilisimama kikaoni, nikavua kofia, nikapendekeza Kombe la Kumbukumbu la Marehemu Yoramu. Afande Suzana akauliza marehemu alifariki lini. Nikashusha sauti, nikasema siku za mwanadamu anazijua Mungu. Si uongo! Anazijua zote.

Wakasimama wote, kimya, kumkumbuka. Awadhi akafuta machozi kwa tepu ya kupimia nguo. Akasema Yoramu alimpa buti mpya kabla zamu yake haijafika. Kila kitu lazima kimhusu Awadhi.

Aliyepiga kelele ni Amon. Amon ni Mgogo, mpiga mizinga wa zamani. Aliletwa Tabora na kazi, akaoa, hajarudi kwao. Wagogo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zetu walipokatiza nchi yao na mizigo kichwani kwenda pwani. Akalia kwa sauti ya ng'ombe aliyekwama tope. Mara akanyamaza, akaniuliza kwa uchangamfu kama mfiwa ni mimi. Nikajibu ndiyo, marehemu alikuwa kaka yangu kabisa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hilo tu ndilo alilotaka kulisikia, na mashahidi wapo.

Watu walicheka. Sijui kwa nini. Najua msibani mtani ana haki zake. Anachekesha, anatusi, ananyakua kitu cha marehemu na hakiachii mpaka wafiwa wakikomboe kwa lolote atakalotaka. Ukikasirika, aibu ni yako. Lakini hapa msiba uko wapi? Hapa kuna kombe tu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimelipata kombe kwenye duka la vifaa vya michezo. Zuri, refu, lina masikio mawili. Tatizo moja. Juu yake kuna mchezaji anapiga mpira. Nikampelekea Idrisa, ambaye ni fundi bati, aukate ule mpira. Ameukata. Sasa kuna mwanamume anarusha teke hewani. Idrisa akauliza huyu ni askari gani. Nikamwambia ni mtunza stoo anafukuza panya.

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Machungwa yale sijutii hata moja.

Kwenye kitako tumechora MAREHEMU YORAMU. Nimemwomba aache nafasi chini yake kwa jina la mshindi, nafasi ya kutosha herufi za Sixbert Ngollo. Akasema nafasi hiyo inamtosha hata Awadhi. Watu wengine hawana adabu kazini.

Ijumaa, 18 Julai

Afande Suzana ameniita. Anataka picha kubwa ya marehemu iwekwe mezani, na ndugu mmoja wa kuja kukabidhi kombe. Bila familia, hakuna kombe. Nikasema familia ina majonzi. Akasema ndiyo maana tunawaalika, Koplo, na kesho uende Usoke.

Nitakwenda. Nitatoa pole, nitachukua picha, nitachagua ndugu mpole asiyejua kuhutubia. Kabula amenifungia nusu kilo ya sukari ya rambirambi.

Jumamosi, 19 Julai

Yuko hai.

Nilishuka Usoke karibu na reli, nikaulizia nyumba ya marehemu Yoramu. Mama mmoja akashtuka, akasema asubuhi hii hii amemwona anamfokea mbuzi. Nikajua amekosea mtu. Nikafika uani. Mzee mrefu ameketi katikati ya majani ya tumbaku, anayapanga kwa madaraja, harufu imejaa kila mahali. Akainua kichwa. Yeye mwenyewe! Nikasema shikamoo afande, kwa sauti ambayo sikuitambua. Akaitikia marahaba, akasema Ngollo, shati lako halijachomekwa.

Nikachomeka.

Akauliza nimefuata nini. Nikasema napita tu. Akauliza napita kwenda wapi na sukari. Nikampa ile sukari, nikamweleza, kwa sehemu. Kwamba tawi limeanzisha kombe lenye jina lake. Kwamba ni la kumbukumbu. Nikalimeza lile neno lingine.

Mzee akafurahi! Akamwita mkewe, akamwita na jirani. Akasema kumbe mjini bado wanamkumbuka, na wao kijijini wanadhani hakuwahi kuwa mtu. Akasema atakuja kulikabidhi kwa mkono wake. Nikamwambia safari ni ndefu na afya yake ni hazina. Akasimama, akaliinua robota la tumbaku mpaka kifuani, akaliweka, akaniuliza mimi naweza.

Nilijaribu. Tusiandike zaidi.

Picha amenipa kubwa kuliko zote ukutani. Anatabasamu.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya asubuhi. Nimemwombea Afande Yoramu maisha marefu, huko huko Usoke.

Jumanne, 22 Julai

Akili imerudi! Yoramu alinipa namba yake mpya. Nimempigia, nikamwambia sherehe imesogezwa hadi Jumamosi, tarehe 26. Akanishukuru kwa kumjulisha mapema. Akasema mimi ndiye kijana pekee aliyemfundisha akabaki na nidhamu. Kijana! Nina wajukuu.

Kwa hiyo Ijumaa nachukua kombe. Jumamosi mzee anafika, anakuta maturubai yameshuka. Nampa chai, namwonyesha kombe likiwa kabatini kwangu, anarudi kwao ameridhika. Hakuna anayeumia. Mipango mizuri ndiyo hiyo, kila mtu anafurahi katika siku yake.

Afande Suzana nimemwambia familia imeniteua mimi kukabidhi. Akauliza nitajikabidhi vipi kama mshindi ni mimi. Nikasema kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 24 Julai

Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo. Uso wa mtu asiyetarajia kushinda. Mgumu. Kabula akapita, akauliza kama ni jino.

Nimepiga pasi koti la kijani. Kwenye kabati nimeondoa birika na sahani za wageni, nimebakiza uwazi wa kombe. Awadhi alikuja kuniuliza kama nahitaji usafiri kesho, kwani anatoka mapema na pikipiki kuwachukua wazee. Nikamwambia mshindi huwa anatembea. Akasema sawa jirani, akaniondolea uzi begani. Hata hapo alitaka kuonekana!

Ijumaa, 25 Julai

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Shingo haigeuki.

Tulianza vizuri. Maturubai, viti vya mbao, pilau ikinukia nyuma ya ofisi. Mezani makombe mawili, na picha ya Yoramu ina utepe mweusi. Afande Suzana akatangaza kombe la Lukumani kwanza. Awadhi, kwa mara ya nne. Hakuwepo! Bado alikuwa hajarudi na pikipiki. Nikapiga makofi kwa nguvu, kwani hili la kwanza halikunihusu.

Kisha akalishika langu. Akasoma jina la marehemu. Akavuta pumzi asome la mshindi. Midomo yake ilikuwa tayari imeanza herufi ya S, niliiona!

Kilio kikapasuka nyuma. Amon! Koti amelivaa ndani nje, uso umejaa majivu, shingoni amevaa ungo uliotoboka. Akapita katikati ya viti anagaragara, anamwita marehemu shemeji, anauliza Wanyamwezi wamemtupa wapi, au wamempoteza njiani kama walivyozoea kupoteza mizigo ya watu. Akaruka mezani, akalikwapua kombe kutoka mikononi mwa Afande Suzana, akaketi nalo chini na kulifunika kwa ungo. Akasema msiba una mtani, na mfiwa amejitaja mwenyewe kikaoni. Halitoki hapa mpaka alikomboe.

Nikamtazama Afande Suzana aniokoe. Yeye ni Mnyamwezi wa Nzega, anajua. Akakunja mikono, akasema Koplo, mila ni mila.

Nikakumbuka kwamba sikasiriki. Nikacheka, ha ha, nikamwambia Mgogo aliache kombe akanywe mlenda. Akasema mlenda atanywa kwangu, siku arobaini, yeye na ukoo wake wote, wapo kwenye treni. Watu wakashangilia! Nikamuuliza anataka nini. Akafumba macho kufikiri.

Hapo ikasikika pikipiki.

Awadhi akaingia uwanjani, na nyuma yake, amevaa kofia ngumu ya Awadhi na koti la Awadhi, amenyooka kama mlingoti, alikuwa Afande Yoramu.

Idrisa alidondosha kijiko, nilikisikia. Awadhi akaeleza kwamba amemkuta mzee stendi anatetemeka kwa baridi, akampa chai na koti, na alipomtambua akafikiri watu watafurahi. Afande Suzana akamuuliza Yoramu mbona ametokea. Yoramu akasema ameambiwa shughuli ni Jumamosi, na askari hufika siku moja kabla ya shughuli. Sisi wote hapa tulifundishwa hivyo. Mimi nilifundishwa na yeye mwenyewe!

Kisha akaiona picha yake na utepe. Akalisoma kombe lililochungulia chini ya ungo. Akasoma polepole, neno la kwanza, la pili. Akanitazama. Akasema Ngollo, hili neno la kwanza hukunitajia.

Amon ndiye aliyepona kwanza. Akasimama, akamzunguka Yoramu, akamnusa, akatangaza kwamba kazi yake ya kulia imefanikiwa kuliko ya mtani yeyote Tanzania, marehemu ameamka. Sasa bei imepanda. Mfiwa atakomboa kombe pamoja na maiti.

Yoramu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikwa bega. Akasema anazikwa mara moja tu, ngoja aifaidi, wapi pilau yake. Wakamkalisha mbele kabisa. Nyama ya kwanza yake. Afande Suzana, ambaye hapotezi utaratibu hata maiti wakifufuka, akasema kombe bado halijatolewa, ni la mtunza stoo mwaminifu kuliko wote, na sasa tawi lina watunza stoo wawili. Nani alimfundisha mwenzake? Wote wakaonyesha kidole upande mmoja. Sikuonyesha mimi. Baadaye nikaonyesha, kwani ni kweli.

Hivyo Yoramu akashinda kombe la kumbukumbu yake mwenyewe. Wakasimama wote na kupiga makofi. Mimi nikiwa nimesimama karibu, makofi yalinipiga usoni kama upepo.

Lakini mzee akalikataa. Akasema mkewe hatakubali kitu kilichoandikwa Marehemu Yoramu kiingie chumba anacholala Yoramu. Akasema alipewe aliyemtoa kwenye baridi.

Awadhi! Alikataa mara tatu. Alipokataa mara ya tatu walimpenda zaidi.

Na bado ukombozi. Amon akatamka bei. Babu wa mfiwa alipita Ugogo na meno ya tembo kichwani, wala hakulipa ushuru wa maji. Leo mjukuu atabeba. Makombe yote mawili, juu yake picha ya marehemu, juu yake ungo. Kutoka ofisini mpaka nyumbani kwa mshindi, akiimba, na mtani nyuma ana fimbo.

Nikabeba.

Itetemia nzima ilitoka. Wauza nyanya waliacha nyanya. Amon aliniita kiongozi wa msafara, punda wa Unyanyembe, akaniuliza kama pwani bado mbali. Nikaimba wimbo wa palizi, ndio pekee niliokumbuka. Akina mama wakaitikia! Watu wakauliza ni nani huyu, wengine wakajibu, kisha mtaa wote ukawa unalipiga kelele jina langu, Ngollo, Ngollo, kama mpira. Yule mpiga teke alinichoma utosini njia nzima.

Yoramu alitangulia kwa pikipiki, anapunga mkono.

Awadhi akafungua mlango, akanisaidia kutua, akaniletea maji ya kunywa. Kisha akaniuliza mimi, kwa upole, hili la pili likae wapi dirishani.

Jumamosi, 26 Julai

Kabula amenikanda shingo kwa maji ya moto na chumvi. Alikuwa anacheka, mikono ikawa inatetemeka, chumvi ikaingia sikioni. Akasema jana jina langu limetajwa mpaka kwa wauza mkaa, sasa nataka nini tena, Baba Jilala. Nikamwambia lilipaswa kusomwa, si kupigiwa kelele. Kuna tofauti. Hakuiona.

Afande Yoramu alipita kuaga. Ameniomba radhi kwa kunikosesha kombe! Kisha akanipa adhabu ya kufagia ofisi ya tawi mwezi mzima, akasema alipewa ruhusa na Afande Suzana. Nikapiga saluti. Mkono ulipanda, shingo ilikataa.

Nimelala nimefikiri. Kosa langu lilikuwa wapi?

Jumapili, 27 Julai

Nimeliona!

Nilikuwa upande usiofaa wa kombe. Nani juzi alikalishwa mbele? Nani alipewa nyama ya kwanza? Nani alisimamiwa na watu wote, picha mezani, jina limechorwa? Si mshindi. Mshindi aliishia kuniletea maji. Ni marehemu!

Kwa hiyo. Nakwenda Nzega kwa dada yangu Sayi. Nakaa kimya. Simu nazima. Muda ukipita, mtu mwenye moyo atasimama kikaoni na kupendekeza Kombe la Kumbukumbu la Koplo Sixbert Ngollo. Siku ya kulitoa, wakati Afande Suzana anasoma jina langu lote taratibu, naingia. Siku yenyewe, siyo siku moja kabla. Nyongeza hiyo ni yangu.

Anahitajika mtu wa tawi wa kuanza kunililia, kwani Kabula amekataa, anasema ana kunde za kuanika. Nimefikiri nani anajua kulia vizuri na kwa sauti. Nimekwenda kwa Amon. Nimemweleza yote. Amekubali papo hapo, hata sikumaliza. Ameapa hatamwambia mtu. Alikuwa amejishika mbavu, lakini Wagogo hucheka ovyo.

Ameomba kitu kimoja tu, nimwachie kabisa koti langu la kijani, lisije likagombaniwa na ndugu. Nimempa. Nimerudi nyumbani na shati tupu na Julai hii ina baridi kali, lakini mtu anayejiandaa kukumbukwa hana budi kuzoea.